Cadillac Inauzwa, Lakini Si Kwako

Simu yangu imeamua mimi ni tajiri. Sijui ni video gani niliitazama hadi mwisho, lakini siku hizi kila nikifungua naletewa matangazo ya magari ya zamani ya Marekani, na kuna moja limenikwama kichwani: Cadillac Eldorado Biarritz ya mwaka 1959, rangi ya waridi, paa la kitambaa linalojikunja lenyewe, viti vya ngozi nyeupe, imekarabatiwa nati kwa nati. Inauzwa. Mwenye nayo anaandika kama mzazi anayemsindikiza binti yake kwenda kuolewa.

Bei wacha tu. Ikiwa mpya, mwaka huo wa 1959, iliuzwa dola 7,401, wakati Chevrolet ya kawaida ilikuwa chini ya dola 3,000. Sasa hivi iliyotunzwa vizuri huvuka dola 100,000 kwenye mnada bila kutoa jasho. Zilitengenezwa 1,320 pekee, na watu wenye doh zao wanazigombania kama viti vya mbele kwenye matatu.

Hebu kwanza tuiangalie yenyewe, maana hii gari ni kituko. Urefu wake ni karibu mita 5.7. Matatu ya abiria 14 inayokupeleka tao ni fupi kuliko hii, na hii ilibuniwa kubeba watu sita tu. Uzito ni zaidi ya tani mbili. Injini ni V8 ya lita 6.4 yenye nguvu za farasi 345, na inakunywa petroli kama mtu aliyetoka jangwani. Halafu nyuma ndiko kuna maajabu: mapezi mawili ya chuma yamesimama kama mkia wa papa, kila moja na taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Mapezi hayo hayafanyi kazi yoyote. Hayasaidii gari kukata kona, hayapunguzi upepo, hayabebi mzigo. Yako tu.

Hadithi ya mapezi ni tamu, kwa hivyo vumilia kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mkuu wa ubunifu wa General Motors, Harley Earl, aliwapeleka vijana wake kuona ndege ya kivita inayoitwa P-38 Lightning, ile yenye mikia miwili. Wakarudi na penseli zikiwaka moto. Mwaka 1948 Cadillac ikatoka na vipezi vidogo nyuma, aibu aibu hivi, na watu wakavipenda. Basi ikawa mashindano. Mwaka 1956 mbunifu mmoja wa GM, Chuck Jordan, akachungulia kwenye uzio wa wapinzani wao Chrysler na kuona magari ya mwaka uliofuata yakiwa yamepangwa uwanjani, yana mapezi makubwa, marefu, makali. Akarudi kuwaita wenzake wakaone. Walivyotishika, wakatupa michoro yao na kuanza upya, na matokeo ya hofu hiyo ndiyo Cadillac ya 1959. Baada ya hapo mapezi yakaanza kupungua kila mwaka hadi yakaisha. Yaani hiyo unayoona kwenye tangazo ndiyo kilele cha wazimu.

(Aside ya bure kwa yeyote anayepanga kununua: Eldorado za mwaka huo zilitoka na springi za hewa, na zile springi zilikuwa msumbufu mkubwa, wenyewe wengi wakazing'oa na kuweka za chuma. Kwa hivyo ukiambiwa kila kitu ni cha asili, uliza mara mbili.)

Sasa. Lile tangazo linasema kila kitu kuhusu hii gari. Linataja namba ya injini, rangi ya zulia, hata redio. Lakini Cadillac ina historia nyingine ambayo haiandikwi kwenye matangazo, nayo ni kwamba kuna wakati kampuni hii ilikataa kuwauzia watu weusi. Si kwamba hawakuwa na pesa. Walikuja na pesa mkononi, wakaambiwa hapana. Na pesa hizo hizo zilizokataliwa, kwa mujibu wa mtu aliyeijua GM kwa ndani, ndizo zilikuja kuiokoa Cadillac isifungwe.

Turudi nyuma kidogo. Cadillac ilianzishwa Detroit mwaka 1902 na Henry Leland, fundi aliyependa vipimo kuliko alivyopenda watu. Jina lilitoka kwa Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701. Mwaka 1908 walipeleka Cadillac tatu Uingereza, zikafunguliwa zote kipande kwa kipande, vipande vikachanganywa, kisha zikaunganishwa upya na kuendeshwa maili 500. Zikaenda bila shida. Leo unaona ni kawaida, lakini wakati huo gari nyingi zilitengenezwa kwa tupa, kila kipande kikilazimishwa kuingia kwenye gari yake pekee. GM ikainunua kampuni mwaka 1909. Mwaka 1912 Cadillac ikaleta gari inayowashwa kwa umeme. Kabla ya hapo ulizungusha chuma mbele ya gari kwa nguvu zako, na kikikurudia kinakuvunja mkono. Kufikia miaka ya 1920 Mmarekani akitaka kusema kitu ni bora kabisa alisema ni Cadillac ya kitu hicho.

Halafu uchumi ukaanguka. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na Januari 1930, miezi mitatu tu baadaye, Cadillac ikazindua gari yenye injini ya silinda 16. Kumi na sita! Ni kama kufungua duka la keki siku ya kwanza ya mfungo. Kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi, na wachache waliobaki na pesa waliona haya kuonekana na gari ya kifahari mbele ya foleni za watu wanaongojea mkate. Mauzo yakaanguka vibaya. Ndani ya GM wakaanza kuulizana kama jina la Cadillac lizikwe.

Hapo ndipo anaingia jamaa mmoja anayeitwa Nicholas Dreystadt. Mjerumani aliyehamia Marekani, fundi wa mikono michafu, aliyepanda ngazi hadi akasimamia huduma za ukarabati za Cadillac nchi nzima. Kazi yake ilimpitisha kwenye magereji ya kampuni kutoka mji hadi mji. Na huko kwenye magereji akaona kitu ambacho wakubwa wake waliokaa ofisini hawangeweza kukiona: wateja wengi wanaoleta Cadillac kufanyiwa sevisi walikuwa watu weusi.

Subiri kwanza. Si kampuni ilikuwa na sera ya kutowauzia? Ndiyo. Cadillac ilikuwa inawinda Wazungu matajiri, na iliogopa kwamba wakimwona mtu mweusi ndani ya Cadillac wataihama. Sasa hizi gari walizitoa wapi?

Walikodi Mzungu.

Hivyo tu. Mtu mweusi mwenye pesa zake, daktari, bondia, mwimbaji, mwenye biashara ya nyumba, alitafuta Mzungu wa kumtuma. Mzungu anaingia dukani, anapokewa kwa kahawa na tabasamu, ananunua gari, anatoka nayo, halafu anamkabidhi mwenyewe kona ya mbele. Na kwa huduma hiyo ya kuwa Mzungu kwa nusu saa, alilipwa mamia ya dola. Kwenye mdororo wa uchumi! Hesabu mwenyewe: mteja alilipa bei ya gari, halafu akalipa kodi ya rangi yake juu.

Anayetusimulia haya ni Peter Drucker, yule mwandishi maarufu wa mambo ya usimamizi wa biashara, ambaye aliichunguza GM kwa karibu miaka ya 1940 na baadaye akayaandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Anasema Dreystadt alijipenyeza kwenye mkutano wa wakubwa wa GM, mkutano ambao hakualikwa, wakati wanajadili kuiua Cadillac, akaomba dakika chache. Hoja yake ilikuwa rahisi: hawa watu tayari wananunua, na pesa ya ziada inaenda kwa Mzungu wa kukodi. Kwa nini isije kwetu? Wakampa miezi 18. Drucker anasema mauzo yalipanda mwaka 1934, na mwaka huo huo Dreystadt akawa mkuu wa Cadillac.

Drucker aliandika miaka mingi baada ya tukio, na alikuwa msimuliaji mzuri, kwa hivyo mimi simezi kila kitu kama dawa. Dreystadt pia alikata gharama za kiwandani hadi Cadillac ikawa inatengenezwa kwa bei nafuu, na hilo lilichangia kuiokoa kampuni. Lakini kitu kimoja kwenye hadithi hii nakipenda kwa sababu hakimpaki mtu yeyote mafuta. Hakuna aliyesimama kwenye mkutano ule akazungumzia haki. Hakuna aliyesema tumewakosea hawa watu. Mlango ulifunguliwa kwa sababu waliokuwa ndani walikuwa wanaelekea kulala njaa.

Sasa najua kuna mtu anauliza: kwani lazima Cadillac? Nchi ina ubaguzi, watu wananyongwa kwenye miti, na wewe unalipa Mzungu akununulie gari ya kifahari? Si ungenunua nyumba? Si ungewekeza?

Hili swali limeulizwa tangu zamani, na linanikera, kwa hivyo tulijibu taratibu.

Nyumba gani? Mwaka huo huo wa 1934 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kudhamini mikopo ya nyumba, ndio uliowajengea Wazungu wa kipato cha kati utajiri wao. Ramani za miji zilichorwa kwa rangi kulingana na hatari ya kukopesha, na mitaa waliyoishi watu weusi ikapakwa nyekundu. Nyekundu maana yake usikopeshe hapo. Ukitaka kuhamia mtaa mwingine, hati nyingi za nyumba ziliandikwa wazi kwamba isiuzwe kwa mtu mweusi. Hoteli nzuri hulali. Mkahawa mzuri huli. Shule nzuri mtoto hasomi. Mtu mwenye pesa zake, katika nchi inayojisifu kwamba pesa ndiyo hununua kila kitu, anakuta karibu kila kitu hakinunuliki. Halafu kuna gari. Gari ina magurudumu. Haihitaji jirani akukubali.

Na gari haikuwa pambo tu. Kusini mwa Marekani basi na treni zilikuwa na sehemu za kuwadhalilisha watu weusi, hiyo tunajua. Ukiwa na gari yako unakaa unapotaka. Ila barabara nayo ilikuwa na meno. Kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kuonekana jua likizama. Ndiyo maana tarishi mmoja wa New York, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kijitabu kilichoorodhesha wapi msafiri mweusi anaweza kulala, kula na kutia mafuta bila kufukuzwa au kupigwa. Kijitabu hicho kilichapishwa hadi miaka ya 1960, na unaweza kusema kilikuwa ramani ya mahali ambapo binadamu alihesabiwa kuwa binadamu.

Katika safari kama hizo gari kubwa ina maana tofauti kabisa. Kiti cha nyuma kirefu ni kitanda, maana hoteli hakuna. Buti kubwa ni jikoni na choo, maana unabeba kuku wa kukaanga, maji, blanketi, na mkebe wa watoto kujisaidia, kwa sababu kituo cha mafuta kitachukua pesa yako lakini hakikuruhusu msalani. Injini yenye nguvu isiyokufa njiani ni bima ya maisha. Kuharibikiwa na gari usiku karibu na mji usiokutaka halikuwa jambo la kupiga simu ukingoje fundi.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho nilipokisoma niliweka simu chini. Watu weusi wenye magari mazuri walibeba kofia ya udereva, ile ya dereva wa kuajiriwa, ikae kwenye kiti. Polisi wakimsimamisha na kumuuliza gari ni ya nani, anavaa kofia na kusema ni ya bosi, namrudishia. Daktari mzima, gari imelipwa, stakabadhi zina jina lake, anajifanya mtumishi wa Mzungu asiyekuwepo ili afike nyumbani. Kijana yeyote wa Nairobi aliyewahi kusimamishwa usiku akaulizwa simu kali kama hiyo ameitoa wapi, hahitaji kuelezewa zaidi.

Jack Johnson, bondia mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipenda magari ya kasi maisha yake yote. Juni 1946 aliondoka kwa hasira kwenye mkahawa wa North Carolina uliokataa kumhudumia, na gari yake, Lincoln, ikagonga nguzo. Akafa. Alikuwa na miaka 68.

Muongo uliofuata magari yakawa silaha kabisa. Rosa Parks alipokamatwa Montgomery Desemba 1955 kwa kukataa kusimama kwenye basi, watu weusi wa mji huo waligomea mabasi siku 381. Watu walienda kazini vipi? Kwa miguu, na kwa mamia ya magari ya watu binafsi na ya makanisa yaliyopangwa kama matatu zenye steji na ratiba. Wapinzani walipoona mgomo haufi, wakashambulia karatasi: kampuni za bima zikaanza kufuta bima za magari hayo. Waandaaji wakavuka bahari na kupata bima kwa Lloyd's ya London. Napenda sana hiyo sehemu, kwa sababu kwenye filamu za historia huwa tunaona hotuba tu, hatuoni mtu aliyekesha akitafuta bima.

Kwa hivyo jarida la Ebony, la watu weusi, lililoanzishwa na John H. Johnson huko Chicago mwaka 1945, lilipoandika tahariri mwaka 1949 kueleza kwa nini watu weusi hununua Cadillac, halikuomba msamaha. Hoja yake ilikuwa kwamba ile gari ni ishara ya wazi kwamba mwenye nayo si duni kwa Mzungu yeyote. Na mwaka uliofuata mtaani Harlem ungeona hoja hiyo imeegeshwa: bondia Sugar Ray Robinson alinunua Cadillac ya wazi, akaipaka rangi ya waridi kama ya flamingo wa Nakuru, na alipenda kuiacha nje ya baa yake pale Seventh Avenue. Mwaka 1951 aliivusha bahari hadi Ufaransa, akazunguka nayo Paris na msururu wa watu wake. Waridi. Hakuwa anajificha. Wakati huo dereva mwingine mweusi huko Georgia alikuwa anatafuta kofia ya udereva chini ya kiti.

Nitasema jambo ambalo najua litaleta kelele. Sisi Wakenya tuna historia yetu ya kuchukia gari kubwa, na ni historia ya haki. Baada ya uhuru watu walibuni neno wabenzi kwa wale wakubwa waliokalia Mercedes huku wananchi wakipigania viti kwenye basi. Benzi ya mbenzi ilisema: nina serikali mkononi. Ndiyo maana tukiona mtu mweusi Marekani na Cadillac, au kijana wa mtaani na viatu vya bei, ulimi unakimbilia hukumu ile ile. Lakini mbenzi alikuwa na milango yote wazi na akachagua gari. Daktari wa Alabama alifungiwa milango yote, likabaki dirisha moja. Hizi ni kesi mbili tofauti, na mimi nimechoka kusikia zikisomwa kama moja.

Hasa kwa sababu kejeli hiyo iligeuzwa kuwa siasa. Kufikia miaka ya 1960 na 1970 Cadillac ilikuwa imegeuka fimbo ya kuwachapia maskini wa Marekani: ati wanakula msaada wa serikali huku wakiendesha Cadillac. Mwaka 1970 mwimbaji wa country, Guy Drake, alitoa wimbo ulioitwa "Welfare Cadilac", ukavuma. Rais Nixon alimwalika Johnny Cash kuimba Ikulu Aprili mwaka huo, na ombi likatolewa aimbe wimbo huo. Cash alienda, akaimba zake. Huo hakuuimba. Sasa fikiria mzunguko mzima: kwanza wanakataa kukuuzia, halafu pesa yako inawasaidia kusimama, halafu kizazi kimoja baadaye jina la gari hiyo linatumika kuthibitisha kwamba wewe hujui kutumia pesa.

Kununua ni jambo moja, kuuza ni jingine. Hapo mlango ulikaa umefungwa zaidi. Karibu na St. Louis kulikuwa na mtu aliyeitwa Albert Johnson aliyekuwa na kazi yake hospitalini na huku pembeni, kuanzia mwaka 1953, anauza magari. Duka alilouzia halikumruhusu kusimama kwenye shorumu, kwa sababu ya rangi yake. Basi akawa anauza kutoka kwenye mkoba: anabeba picha na fomu, anawafuata wateja walipo, anarudi na oda. Yaani alikuwa anafanya vile wanavyofanya vijana wengi hapa wanaouza magari kwa WhatsApp bila kuwa na yadi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na yadi, ila haikumtaka. Mwaka 1967 GM ilimpa duka la Oldsmobile huko Chicago, mtu mweusi wa kwanza kupewa duka na kampuni hiyo. Mwaka 1971 akapata la Cadillac. Kati ya Dreystadt kuingia kwenye mkutano ule na mtu mweusi kushika funguo za duka la Cadillac kulipita karibu miaka 40.

St. Louis hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Chuck Berry, mwaka 1926. Ukisikiliza gitaa la rock popote duniani unasikia vidole vyake. Wimbo wake wa kwanza kuvuma, "Maybellene" wa mwaka 1955, unahusu mtu anayeikimbiza Cadillac akiwa na Ford. Alipokuwa mtoto alienda kwenye ukumbi wa Fox Theatre mjini mwao kutazama filamu, akarudishwa kutoka kwenye dirisha la tiketi kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1986, akitimiza miaka 60, tamasha la kumwenzi lilifanyika kwenye ukumbi huo huo wa Fox na likarekodiwa filamu. Wakati wa kurekodi aliingia jukwaani akiendesha Cadillac Eldorado yake nyekundu ya mwaka 1973, paa likiwa limefunguliwa. Gari hiyo sasa iko Washington, kwenye jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi lililofunguliwa Septemba 2016, na watoto wa shule hupiga picha mbele yake.